Mwanamuziki mwenye ushawishi: maana yake

Mtu akisema mwanamuziki fulani "ana ushawishi", huenda anamaanisha kwamba aliuza santuri nyingi, au kwamba alikuwa fundi, au kwamba yeye msemaji anampenda tu. Mambo hayo yote ni halali, ila hakuna hata moja ambalo ni ushawishi. Ushawishi wa mwanamuziki ni alama anayoiacha katika kazi za wanamuziki wengine. Kwa hiyo hauwezi kupimwa kwa kumsikiliza yeye peke yake. Wasikilize waliokuja baada yake, halafu ujiulize kama kuna jambo wanalolifanya, kwa vidole, kwa sauti au kwa mashine, ambalo lisingekuwapo kama yeye asingelifanya.

Kipimo hiki kinabadilisha orodha nzima. Wapo waliojaza viwanja na nyimbo zao zikaisha bila mtu wa kuziendeleza. Wapo pia ambao hata majirani zao hawakuwajua.

Robert Johnson, mpiga gitaa wa blues, muziki wa Wamarekani weusi, kutoka Mississippi, alirekodi nyimbo 29 tu, katika vikao vya mwaka 1936 mjini San Antonio na vya mwaka 1937 mjini Dallas. Alifariki Agosti 1938 akiwa na miaka 27. Mwishoni mwa mwaka huohuo mtayarishaji wa muziki John Hammond alikuwa akimtafuta ili apige kwenye onyesho kubwa Carnegie Hall, New York, akaambiwa ameshafariki. Hapo habari ingeweza kuishia. Lakini mwaka 1961 kampuni ya Columbia ilikusanya baadhi ya rekodi zile kwenye santuri moja, na ikawafikia vijana wapiga gitaa wa Uingereza kama Eric Clapton na Keith Richards. Walichokisikia kiliwashangaza: mtu mmoja mwenye gitaa moja, kidole gumba kikitembeza besi kwenye nyuzi nzito kama mkono wa kushoto wa mpiga piano, huku vidole vingine vikijibu juu. Namna hiyo ya kugawanya kazi kwenye gitaa imeingia katika roki kiasi kwamba anayeipiga leo huenda hajawahi kulisikia jina la Johnson. Na Johnson naye hakuanzia hewani. Alijifunza kwa kuwatazama wakubwa zake, akiwemo Son House, na alizisikiliza kwa makini santuri za watu wa wakati wake. Ushawishi haudai mtu awe wa kwanza. Unadai awe ndiye aliyelipa jambo umbo linaloweza kuchukuliwa na wengine.

Wakati mwingine kinachorithiwa si mtindo wa vidole, ni sauti yenyewe ya chombo. Muddy Waters, mwimbaji na mpiga gitaa wa blues ambaye pia alijifunza kwa Son House, aliondoka Mississippi mwaka 1943 akaenda Chicago. Kumbi za huko zilikuwa na kelele, na gitaa la kawaida halikusikika. Akahamia gitaa la umeme, akakusanya bendi, na Little Walter akapuliza harmonika iliyobanwa kwenye maikrofoni. Blues ya shambani ikawa muziki wa jiji, mzito na wenye makali. Bendi ya roki ya Rolling Stones, ya Keith Richards, ilichukua jina lake kutoka kwenye wimbo wa Muddy Waters wa mwaka 1950. Jina ni heshima, lakini mpangilio ule wa gitaa za umeme, besi na dramu nyuma ya mwimbaji mmoja ndio urithi wenyewe.

Watu wengi huchanganya ushawishi na kuimba upya wimbo wa mwenzako. Mwimbaji wa blues Big Mama Thornton alirekodi "Hound Dog" mwaka 1952, na ulipotoka mwaka 1953 ukashika nafasi ya kwanza kwenye chati za rhythm and blues. Elvis Presley aliurekodi mwaka 1956, akauza mara nyingi zaidi. Watu husema Thornton alimshawishi Elvis, lakini toleo la Elvis lilifuata namna wimbo huo ulivyopigwa na kundi la Freddie Bell and the Bellboys, ambalo alilisikia Las Vegas. Wimbo ulihama, ila uimbaji wa Thornton haukuhama nao. Ukitaka kusikia ushawishi wake halisi, nenda kwa mwimbaji wa roki Janis Joplin akiimba "Ball and Chain", wimbo alioutunga Thornton mwenyewe, kwenye tamasha la Monterey mwaka 1967. Humo mna kukwaruza kwa koo, mna kusubiri kabla ya kulipuka, mna neno linalovutwa mpaka linakaribia kukatika. Kile ndicho kilichopokelewa, na Joplin hakuficha kilikotoka.

Hip hop imeongeza namna nyingine ya ushawishi, na kwangu ndiyo inayostaajabisha kuliko zote, kwa sababu mtu anaweza kuwa ndani ya wimbo bila kuingia studio. Tarehe 11 Agosti 1973, katika jengo namba 1520 la Sedgwick Avenue, Bronx, New York, kijana aliyezaliwa Jamaika, DJ Kool Herc, alipiga muziki kwenye sherehe ya dada yake. Herc alikuwa ameona kwamba wachezaji husubiri sehemu ile fupi ambapo waimbaji hunyamaza na dramu kubaki peke yake. Akaweka santuri mbili za wimbo uleule na kurudia sehemu hiyo, hii ikiisha ile inaanza. Miaka iliyofuata mashine zikaja zinazoweza kukata kipande cha sauti na kukizungusha bila mkono wa mtu.

Hapo ndipo anapoingia Clyde Stubblefield. Alikuwa mpiga dramu wa mwimbaji wa funk James Brown, na mwaka 1969 walirekodi "Funky Drummer", ambamo anaachiwa nafasi fupi apige peke yake. Sekunde zile chache zimekatwa na kutumiwa na Public Enemy, LL Cool J, hata Sinéad O'Connor na George Michael. Watu waliozaliwa miaka mingi baadaye wamekua wakidhani kwamba hip hop ina mdundo wa namna hiyo kwa asili yake. Stubblefield hakuandikwa kama mtunzi, kwa hiyo mrabaha wa utunzi haukumfikia. Alifariki mwaka 2017. Mimi naona huo ni uonevu, na nautaja hapa kwa sababu dhana hii hueleweka vibaya pale tunapodhani ushawishi na malipo hutembea pamoja.

Kwa upande wa maneno, mfano ulio wazi ni rapa Rakim. Kabla yake, marapa wengi walipaza sauti na kuweka kina mwishoni mwa kila mstari. Rakim, aliyewahi kupiga saksafoni na aliyempenda sana mpiga saksafoni wa jazz John Coltrane, alichana kwa sauti tulivu na kutia vina katikati ya mistari, sentensi ikivuka mdundo mmoja na kuingia mwingine. Albamu ya "Paid in Full" aliyoitoa na DJ wake Eric B. mwaka 1987 iliwalazimisha wengine kuandika upya. Rapa Nas alijengea hapo. Eminem pia.

Ushawishi unaweza pia kurudi nyuma, kutoka mashine kwenda kwa binadamu. J Dilla, mtayarishaji wa Detroit aliyefariki mwaka 2006, alipiga midundo yake kwa vidole kwenye MPC, mashine ya kukata na kupanga vipande vya sauti, na kuacha ngoma ziwahi au zichelewe kidogo, bila kuiruhusu mashine izinyooshe. Wapiga dramu waliofundishwa kushika muda kwa ukamilifu wakaanza kujifunza kuyumba kwa makusudi. Mpiga dramu Questlove amesimulia jinsi ilivyombidi kuacha alichokijua ili aweze kupiga hivyo, na katika albamu ya mwimbaji D'Angelo ya mwaka 2000, "Voodoo", unamsikia akifanya kazi hiyo kwa mikono na miguu yake.