Chumba cha bei ya chini si lazima kiwe nafuu

Wasafiri wengi wanaopita Dar es Salaam wakielekea Zanzibar huamini kwamba kulala pembezoni mwa jiji, ambako gesti ni rahisi zaidi, huwapunguzia gharama, na kwamba hoteli za Kisutu au Posta, katikati ya jiji, ni za matajiri. Imani hiyo huhesabu bei ya chumba peke yake. Anayelala Mbezi na kutaka boti ya asubuhi hana budi kuvuka jiji zima, na kwa kuhofia foleni ya Barabara ya Morogoro huishia kukodi teksi kabla ya jua kuchomoza, nauli ambayo mara nyingi humeza kile alichodhani amekiokoa. Kutoka Kisutu, boti hufikiwa kwa miguu. Ni kweli kwamba vyumba vya hoteli hizo za kawaida huwa vidogo, na adhana ya alfajiri huingia hadi kitandani (kwa mwenye safari ya mapema, hiyo ni kengele isiyolipiwa). Anayeshuka usiku katika Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, ili apande basi jingine asubuhi, huyo na alale huko huko.