Taa za mbele za hotirodi ya jadi: dhana potofu na ukweli wake

Hotirodi ya jadi ni gari la zamani la Kimarekani, mara nyingi Ford ya kati ya 1928 na 1934, lililopunguzwa uzito na kuongezwa nguvu kwa mtindo wa vijana wa kusini mwa California walioshindania kasi kwenye sakafu tambarare za maziwa yaliyokauka maji, Muroc na El Mirage. Likishavuliwa madigadi, mbele hubaki rejeta na taa tu, kwa hiyo kosa dogo la taa huharibu sura ya gari zima.

Wengi huamini kwamba taa za kuzibwa, zile ambazo kioo, kiakisi (bakuli linalorusha mwanga mbele) na waya unaowaka ni kitu kimoja kisichofunguliwa, ni za kisasa mno kwa gari la jadi. Sivyo. Magari ya Marekani ya mwaka 1940 ndiyo yaliyoanza kuzitumia kwa wingi, zikiwa za duara la inchi 7, hivyo kijana aliyerudi vitani mwaka 1945 alizikuta zimeshazoeleka. Guide 682-C, ambayo leo inasakwa kama lulu, ni taa ya kuzibwa ndani ya ganda lenye umbo la tone. Kudai kwamba taa za kiwandani za 1932 pekee ndizo halali ni kuwasahau vijana wenyewe, ambao walifunga chochote kizuri kilichopatikana.

Dhana nyingine ni kwamba ganda kubwa hutoa mwanga mwingi. Mwanga hutegemea kiakisi, na viakisi vya miaka ya 1930 vilipakwa madini ya fedha, ambayo huingia weusi kadiri miaka inavyopita. Ganda linaweza kung'aa kwa kromu huku taa ikitoa umanjano usiofika mbali. Dawa yake ni kukipaka kiakisi fedha upya.

Taa ikififia, watu hukimbilia balbu kali zaidi, ilhali tatizo kwa kawaida liko kwenye waya. Ford ilitumia umeme wa volti 6 hadi ilipohamia volti 12 kwenye magari ya 1956, na taa ya wati 45 huvuta ampea 7.5 kwa volti 6, mara mbili ya zile inazovuta kwa volti 12. Waya mwembamba hupoteza umeme huo njiani. Zaidi ya hapo, umeme hurudi betri kupitia chuma cha gari, na rangi mpya nzuri huuzuia: fungua boliti ya taa, piga msasa chini ya washa yake (kile kipete bapa cha chuma) hadi chuma kitupu kionekane, kisha kaza tena. Mara nyingi taa hufufuka bila kununuliwa kitu.

Kuhusu mahali pa kuzifunga, husemwa kwamba taa zikishuka zaidi ndipo gari linapopendeza. Kwenye Ford ya 1932 taa zilikaa juu ya upau ulioshikiliwa na madigadi. Wenye madigadi waliupinda upau huo ushuke, na waliovua madigadi walifunga taa kwenye fremu, mara nyingi kwa kishikio kimoja na shokomzoba. Hata hivyo kushuka kuna kikomo, kwani sheria ya California hutaka kitovu cha taa kiwe kati ya inchi 22 na 54 kutoka ardhini. Kwa jicho langu, taa hupendeza zaidi zikiwa karibu na rejeta bila kuitangulia mbele. Zikitanuliwa sana, gari hufanana na chura.

Kosa la mwisho ni kulenga taa gari likiwa bado linajengwa. Hotirodi huinamia mbele kwa sababu ya ekseli iliyoshushwa na matairi makubwa ya nyuma, kwa hiyo taa iliyonyooka kwenye jeki itamulika lami iliyo miguuni pake. Subiri springi na matairi ya mwisho vifungwe, weka mafuta, liegeshe futi 25 kutoka ukutani, ndipo ulegeze nati iliyo chini ya ganda. Mwanga mkali wa taa za chini (zile za mwanga mfupi) uangukie chini kidogo ya kimo cha taa na uelekee kulia, kwa kuwa Wamarekani huendesha upande huo na anayekuja hutokea kushoto.