Je, wajua mfereji wa jasusi ulivyosaidia kuiunganisha China?

Mwaka 246 KK, mvulana wa miaka 13 alirithi ufalme wa Qin, dola iliyokuwa magharibi mwa China ya kale. Karibu na wakati huo kazi kubwa ilikuwa ikianza nchini mwake: kuchimba mfereji wa zaidi ya kilomita 100 wa kuunganisha mto Jing na mto Luo, chini ya fundi aitwaye Zheng Guo. Fundi huyo alitoka Han, dola jirani na dhaifu, na kumbe alikuwa ametumwa makusudi ili Qin imalize nguvu zake katika kuchimba udongo, isipate nafasi ya kupigana. Hila hiyo ilipofichuka kazi ikiendelea, Qin ilitaka kumuua. Zheng Guo hakukana kwamba alikuja kama jasusi, ila alieleza kuwa mfereji ukikamilika faida itabaki kwa Qin. Akaachwa hai, akaumaliza.

Kwa nini mfereji uwe na uzito kuliko jeshi? Dola saba, yaani Qin, Han, Zhao, Wei, Chu, Yan na Qi, zilikuwa zimepigana kwa zaidi ya karne mbili, na katika muda huo vita vyenyewe vilibadilika. Zamani mabwana walipigana juu ya magari ya farasi; sasa walipelekwa wakulima kwa malaki, wakitembea kwa miguu, na kila mmoja alihitaji kula kila siku. Huko Changping, mwaka 260 KK, jeshi la Zhao lilizingirwa na jemadari Bai Qi wa Qin, likakatiwa chakula kwa siku 46, kisha likasalimu amri na mateka wakauawa. Mwanahistoria Sima Qian alitaja watu zaidi ya 400,000, idadi ambayo wataalamu wengi wa leo wanaitilia shaka, lakini kwamba njaa ndiyo iliyolivunja jeshi lile ni jambo linaloeleweka.

Qin ilikuwa imejiandaa mapema. Tangu mwaka 356 KK waziri Shang Yang aliwapa vyeo na ardhi askari walioleta vichwa vya maadui, na kaya zilizovuna nafaka nyingi zikasamehewa kazi za lazima. Sheria zake zilikuwa kali mno, na hatimaye yeye mwenyewe aliuawa. Mwaka 316 KK Qin iliteka Sichuan, bonde lenye rutuba. Mfereji wa Zheng Guo uliongeza juu ya hayo maji yenye tope, yaliyoigeuza ardhi ya chumvi kuwa mashamba.

Han yenyewe ndiyo iliyoanguka kwanza, mwaka 230 KK. Chu ilikuwa ngumu zaidi: askari 200,000 waliotumwa huko walishindwa, ndipo jemadari mzee Wang Jian alipopewa 600,000. Hakukimbilia kupigana. Alikaa kambini, askari wake wakila vizuri, wakioga na kushindana kurusha mawe, mpaka jeshi la Chu likachoka kungoja na kuanza kuondoka. Hapo akalishambulia kwa nyuma. Chu ilimalizika mwaka 223 KK, Yan ikafuata mwaka 222, na Qi ikasalimu amri mwaka 221 bila vita vikubwa. Mfalme akajiita Qin Shi Huang, kaizari wa kwanza, na mfereji ukaendelea kuitwa kwa jina la Zheng Guo.