Je, wajua kwa nini zizi lililohamwa miaka 3,000 iliyopita bado lina rutuba?

Katika savana ya Narok, kusini-magharibi mwa Kenya, kuna viraka vya mviringo visivyo na miti, vyenye upana wa mita 100 hivi, ambavyo nyasi zake ni nono kuliko za jirani. Mwaka 2018 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa viraka vitano vya namna hiyo. Watafiti walipochimba walikuta tabaka la kijivu lenye chembe laini: samadi ya mifugo iliyolala hapo kati ya miaka 1,550 na 3,700 iliyopita. Udongo huo una fosforasi, kalsiamu na magnesiamu nyingi kuliko udongo wa pembeni.

Samadi ya shambani huisha nguvu baada ya misimu michache tu. Hii imedumuje?

Mchana kutwa mifugo hula eneo kubwa. Jioni hufungiwa pamoja. Kila siku wanyama walichuma virutubisho mbali wakaja kuviacha zizini. Kwa maneno mengine, rutuba ile haikuundwa pale, ilihamishwa, na hilo husahaulika sana watu wanaposifia udongo wa kale.

Ikishafika, hatima yake hutofautiana. Naitrojeni nyingi hupotelea hewani au husombwa na mvua, na potasiamu nayo huyeyuka upesi. Fosforasi ndiyo mkaidi. Kwenye udongo wenye asidi hung'ang'ania madini ya chuma na aluminiamu, na kwenye udongo wenye chokaa hushikamana na kalsiamu, hivyo maji huondoka nayo kidogo mno. Kisha wanyamapori huvutwa na nyasi zile nono, wakala na kuacha kinyesi chao papo hapo. Zizi linaendelea kulishwa ingawa mchungaji alishahama zamani.

Kwenye msitu wa Amazon kazi kama hiyo ilifanywa na mkaa. Udongo wa kawaida huko ni hafifu, umeoshwa na mvua tangu enzi na enzi. Lakini kando ya mito kuna maeneo ya udongo mweusi, pengine wenye kina cha mita 2, uliojaa mkaa, jivu, mifupa ya samaki na vigae vya vyungu. Mwingi wake ulianza kabla Wazungu hawajafika. Mkaa hauozi upesi, na uso wake unapozeeka hupata chaji hasi ya umeme inayoshika kalsiamu na potasiamu zisisombwe. Wataalamu hubishana kama wenyeji waliutengeneza kwa makusudi. Kwa maoni yangu, jalala la kijiji linatosha kueleza ulivyoanza. Kuutambua na kuulima kulikuja baadaye.

Gharama ya kuhamisha rutuba huonekana wazi Uholanzi na kaskazini mwa Ujerumani. Tangu Zama za Kati wakulima walikuwa wakikata mapande ya udongo wenye mizizi nyikani, wakayatandika zizini, kisha wakayamwaga shambani pamoja na samadi. Baada ya karne kadhaa mashamba yaliinuka kwa zaidi ya nusu mita. Nyika iliyokwanguliwa, kwa upande wake, ikageuka mchanga unaopeperushwa na upepo. Kusini mwa Mesopotamia, yaani Iraki ya leo, kilichohamishwa ni chumvi: maji ya mito yalimwagiliwa mashambani, yakawa mvuke, nayo chumvi ikabaki ardhini.

Ukaidi wa fosforasi umewafaa pia wanaakiolojia. Katika miaka ya 1920 na 1930, Olof Arrhenius wa Uswidi, aliyekuwa akipima udongo kwa ajili ya kilimo cha viazisukari, aligundua kuwa fosforasi huwa juu penye mahame. Tangu hapo, pale ambapo nyumba zilikuwa za miti na hazikuacha hata ukuta, wachimbaji huchota sampuli za udongo kila baada ya mita chache, na kipimo kikipanda ghafla, hapo ndipo hupiga jembe.