Je, bunduki ya nusu otomatiki hukosa shabaha?

Wawindaji wengi wameamini kwa miaka mingi kwamba bunduki ya nusu otomatiki, yaani inayojikoki yenyewe baada ya kila risasi, hata ya bei kubwa, haipigi shabaha vizuri kama ya kukoki kwa mkono, kwa sababu mitambo yake hutembea risasi ikiwa bado mtutuni.

Imani hii ina chembe ya ukweli: kwa wastani, ya kukoki kwa mkono huacha matundu yaliyokaribiana zaidi kwenye karatasi ya shabaha. Sababu inayotajwa ndiyo yenye kasoro. Gesi ya baruti hupenya tundu dogo la mtutu na kusukuma pistoni, lakini kufuli linaloziba nyuma ya mtutu hufunguka risasi ikiwa imeshatoka. Kinachoamua zaidi ni ubora wa mtutu, kifyatulio, aina ya risasi na, naamini, bega la mpigaji.

Chukua kaliba ya 9.3×62 (upana wa risasi na urefu wa ganda lake kwa milimita), iliyobuniwa Ujerumani mwaka 1905 kwa ajili ya wawindaji wa makoloni ya Afrika. Kichwa cha risasi yake ya kawaida kina gramu 18.5, na teke lake humfanya mtu afumbe macho kabla ya kufyatua. Hapo lawama huangukia bunduki bure.

Unaweza kujipimia kwenye uwanja wa shabaha ulioruhusiwa. Egemeza bunduki, piga risasi tano mita 100, ukiacha mtutu upoe, kisha pima umbali kati ya matundu mawili yaliyoachana zaidi. Rudia kwa risasi za viwanda vingine. Angalia pia kama kila moja inaingia chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi, bila kukwama. Mwindaji wa nguruwe mwitu hulihitaji hilo kuliko sentimita moja ya shabaha.