Leseni Ikisema "Si kwa Biashara", Fundi wa Kisumu Afanyeje?

Kuna kifungu ninachokutana nacho mara nyingi ninapofungua faili ya leseni ya programu ambayo mteja ameipenda: inaruhusiwa kwa matumizi yasiyo ya kibiashara pekee. Mwenye programu ameuweka msimbo wake wote, yaani maandishi yanayoiunda programu, hadharani, yeyote anaweza kuusoma, na ameitangaza kuwa programu huria. Kazi yangu ni kuweka na kutunza mifumo ya kompyuta ya zahanati, vyuo na vyama vya akiba na mikopo, kuanzia Kisumu hadi Siaya na Kakamega. Nikikiona kifungu hicho, namwambia mteja tutafute nyingine.

"Si ni ya bure, fundi?" aliniuliza mkurugenzi wa zahanati moja upande wa Kondele.

"Ni ya bure, daktari. Lakini wewe unatoza ada ya kumwona mgonjwa, na mimi utanilipa kwa kuiweka."

Alinyamaza, kisha akauliza kama ada ya zahanati ni biashara. Hilo ndilo swali lenyewe, na leseni nyingi za namna hiyo hazilijibu. Hospitali ya misheni hutoza wagonjwa. Chuo cha ufundi cha kanisa hutoza karo. Kikundi cha akina mama kinachokopeshana hutoza riba, na Desemba wanachama hugawana kilichopatikana. Huku kwetu huduma na riziki hukaa nyumba moja, hata ukijaribu kuzitenganisha huoni ukuta uko wapi. Anayekupa programu kwa sharti usiitumie kibiashara ni kama jirani anayekuazima jembe, ila usilime nalo shamba lenye mazao ya kuuza.

Msimamo wangu nauweka mapema. Leseni yenye masharti si lazima ipingane na misingi ya programu huru. Zipo zenye masharti makali ambazo ndizo nguzo ya uhuru huo. Ninachokiangalia ni sharti linamfunga nani: anayetumia programu kufanya kazi yake, au anayeipokea ikiwa huru kisha anataka kumpa mwingine ikiwa imefungwa.

Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU mwaka 1983, na mwaka 1985 akaanzisha Free Software Foundation. Shirika hilo linataja aina nne za uhuru, na kwa desturi ya wanakompyuta hesabu inaanza na sifuri. Uhuru wa sifuri ni kuiendesha programu kwa lengo lolote. Wa kwanza ni kuichunguza na kuibadilisha, wa pili kusambaza nakala, wa tatu kusambaza nakala ulizozibadilisha wewe mwenyewe. Maneno "kwa lengo lolote" ni mazito. Hayasemi "kwa lengo jema" wala "kwa lengo lisiloleta pesa". Kanuni za Open Source Initiative, shirika la programu huria lililoundwa mwaka 1998, zinafika hapo hapo kwa njia nyingine: leseni isibague watu wala vikundi, na isibague nyanja ya shughuli, biashara ikiwemo.

Vijana ninaowafundisha hunirudia haraka na hoja moja: mbona GPL, leseni ya mradi huo wa GNU, nayo ina masharti? Inayo, tena makali. Lakini tazama yanapoanzia. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inailinda programu ya kompyuta kama kazi ya fasihi. Bila ruhusa ya mwenyewe huwezi kuinakili na kuisambaza. GPL inatoa ruhusa hiyo, na toleo lake la tatu la mwaka 2007 linasema wazi kwamba huhitaji kuikubali leseni ili kupokea nakala au kuiendesha. Fanya nayo biashara utakavyo katika ofisi yako, ibadilishe, uifiche ndani ya seva yako, hakuna wa kukuuliza. Masharti huamka siku unapompa mtu mwingine nakala: mpe na msimbo chanzo, na umwachie haki zile zile ulizopewa.

Matunda ya sharti hilo yanaonekana. Mwaka 2003 ilijulikana kwamba ruta ya Linksys WRT54G ilikuwa ikiendeshwa kwa Linux, programu ya kuendesha kompyuta yenye leseni ya GPL, ilhali wanunuzi hawakuwa wamepewa msimbo wake. Shinikizo la wenye hakimiliki likaufanya utolewe, na kutokana nao mwaka 2004 ukazaliwa mradi wa OpenWrt, mfumo huria wa kuendesha ruta. Leo naweza kuchukua ruta ambayo kiwanda kimeacha kuishughulikia, nikaiwekea OpenWrt yenye marekebisho mapya ya usalama, na shule ikaitumia miaka mingine. Aliyebanwa na sharti ni aliyetaka kufunga kilichokuwa wazi. Shule haikubanwa hata kidogo.

Linux yenyewe nusura iishie kwenye uzio. Linus Torvalds alipoitoa mara ya kwanza mwaka 1991, leseni aliyoiandika ilikataza kutoza pesa kwa kuisambaza. Nia ilikuwa safi, kazi ya kugawa isigeuzwe bidhaa. Lakini zama zile watu walihitaji disketi, na anayenakili disketi na kuzituma ana gharama. Mwaka 1992 aliihamishia kwenye GPL, na marufuku ya pesa ikaondoka. Nadhani huo ni miongoni mwa uamuzi muhimu zaidi katika historia nzima ya kompyuta. Seva, benki na simu za Android zisingejengwa juu ya programu ambayo mtu haruhusiwi kulipwa kwa kuifikisha kwa mwingine.

Mfano ninaoupenda kuliko yote haukutoka Ulaya wala Marekani peke yake. Uko hapa magharibi mwa Kenya. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kutumia mfumo wa kompyuta wa rekodi za wagonjwa uliotokana na ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Ushirikiano huo ndio uliozaa AMPATH, mpango wa huduma za afya magharibi mwa Kenya. Wagonjwa wa Ukimwi walipoongezeka na dawa zikaanza kupatikana, mfumo ule ulionekana hautaweza kubeba mzigo. Mwaka 2004 madaktari kutoka Taasisi ya Regenstrief ya huko Indiana walifika Eldoret, wakaona hali, na wazo la OpenMRS, mfumo mpya wa rekodi za wagonjwa, likaanza. Mwaka 2006 mfumo huo ulikuwa unafanya kazi Eldoret. Leo unatumika katika nchi nyingi, na KenyaEMR, inayotumiwa na vituo vingi vya afya nchini, imejengwa juu yake.

OpenMRS inatumia leseni ya MPL ya Mozilla, pamoja na tamko la ziada linaloeleza kwamba programu si badala ya uamuzi wa daktari. MPL ina sharti la wastani: ukibadilisha faili yake na kuisambaza, toa msimbo wa faili hiyo. Unaweza kuongeza sehemu zako mwenyewe pembeni bila kuzifungua. Sasa fikiria wale waliokutana Eldoret wangeandika "si kwa biashara". Zahanati ya kibinafsi ingeogopa. Kampuni ndogo zinazolipwa kuwafundisha wauguzi zingekaa mbali. Vijana wa Eldoret na Kisumu walioijua programu hiyo kwa undani, kisha wakaajiriwa kuitunza, wangekuwa wanavunja leseni kwa kula jasho lao. Programu ya afya huishi kwa sababu kuna mtu analipwa kuamka usiku seva ikizima.

Katika miaka ya karibuni limekuja wimbi jingine la masharti, na hili linatoka kwa kampuni zenye malalamiko ya haki. MongoDB, programu ya hifadhidata, iliacha AGPL, leseni ndugu ya GPL, mwaka 2018 na kuandika leseni yake, SSPL. Elasticsearch, programu ya kutafuta taarifa, ilifuata mwaka 2021, Terraform, ya kupanga seva, ikaingia kwenye leseni ya BSL Agosti 2023, Redis, hifadhidata ya haraka, ikabadilika Machi 2024. Kilio ni kimoja: sisi tunaandika programu, kampuni kubwa za huduma za wingu, zinazokodisha seva kupitia mtandao, zinaipangisha kwa mamilioni ya wateja, na kinachorudi kwetu ni kidogo. Siwezi kukidharau kilio hicho. Anayeandika programu anastahili kula.

Lakini soma dawa waliyoichagua. SSPL inasema ukitoa programu hiyo kama huduma kwa wengine, lazima ufungue msimbo wa kila kitu kinachoendesha huduma hiyo: programu za usimamizi, za nakala za akiba, za kufuatilia hitilafu, hata za kupangisha seva. Kampuni kubwa ina mawakili na wahandisi wa kutafuta njia nyingine. Mwaka 2021 Amazon ilizindua OpenSearch kutokana na toleo la zamani la Elasticsearch, na maisha yakaendelea. Anayebaki na sharti shingoni ni kijana mwenye seva mbili hapa Kisumu anayehifadhi mifumo ya shule za sekondari kwa ada ndogo. Mbele ya maandishi ya leseni, yeye na lile jitu ni kitu kimoja. Hiyo ndiyo sababu yangu kubwa ya kuzikataa leseni hizi: zinalenga tembo na kumpata swala.

BSL ina unafuu wake, kwani baada ya muda usiozidi miaka minne kila toleo hugeuka kuwa la leseni huru. Kwa kumbukumbu za kale ni sawa. Kwa seva iliyo kwenye mtandao, programu ya miaka minne nyuma isiyo na marekebisho ya usalama ni hatari.

Na dawa halali ipo. AGPL inadai kwamba ukiibadilisha programu na kuwaruhusu watu waitumie kupitia mtandao, wape watumiaji hao msimbo wa programu hiyo uliyoibadilisha. Haigusi mifumo yako mingine, wala haiulizi kama unalipwa. Elastic, kampuni ya Elasticsearch, iliiongeza AGPL mwaka 2024, na Redis mwaka 2025. Nilifurahi kwa dhati.

Kuhusu leseni za maadili nitasema machache. Leseni ya JSON ina sentensi inayotaka programu itumike kwa wema na si kwa uovu, na mwaka 2019 ilikuja Hippocratic License inayokataza matumizi yanayokiuka haki za binadamu. Naheshimu moyo huo. Sisi wa Kisumu tunajua binadamu anaweza kufanyiwa nini na binadamu mwenzake. Hata hivyo, mtesaji hasomi leseni. Anayeisoma ni mwanasheria wa hospitali, na akikuta neno "uovu" lisilo na tafsiri atasema programu isitumike. Uovu una Katiba, una mahakama, na kwa taarifa za watu una Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Huko ndiko naupeleka.

Kwa anayechagua programu leo, naongeza jambo ambalo wengi hawalitazami. Usisome leseni tu, soma pia mkataba ambao wachangiaji wa msimbo hutia saini. Kampuni ikikusanya kutoka kwa kila mchangiaji haki pana za kuitoa kazi yake kwa leseni yoyote, inaweza kugeuza leseni asubuhi moja bila kumuuliza mtu. Linux haiwezi kufanyiwa hivyo kirahisi, kwa kuwa msimbo wake una wamiliki maelfu, na kila mmoja angepaswa kukubali.

Pia, leseni mpya hairudi nyuma. Toleo ulilolipokea likiwa huru linabaki huru: Redis 7.2 bado ni ya BSD, leseni huru isiyo na masharti mengi, Terraform 1.5 bado ni ya MPL. Usikubali muuzaji akutishe kwamba mfumo wako wa zamani umekuwa haramu. Unachokosa ni marekebisho yajayo, kwa hiyo panga kuhama. Kutoka Redis kuna Valkey, kutoka Terraform kuna OpenTofu, zilizotokana na matoleo huru ya zamani, zote chini ya shirika la Linux Foundation. Kwa mifumo midogo kama ya wateja wangu, kuhamia Valkey kutoka Redis 7.2 ni kazi nyepesi, mradi uchukue nakala ya akiba kwanza na uijaribu kwenye mashine ya pembeni kabla ya kugusa seva ambayo watu wanaitegemea.