Oili nzito si dawa ya joto la Unguja

Ukiingia gereji hapa Unguja na gari ya spoti, huchelewi kuambiwa: "Nchi yetu ya joto, tia oili ya 20W-50." Ushauri huu wa tangu zamani hausimami. Nje pawe nyuzi 32 au 10, injini ikishapata moto, thamostati, kifaa kinachodhibiti joto la injini, huyaweka maji yake karibu na nyuzi 90. Herufi W ni ya majira ya baridi: namba iliyoitangulia inahusu kuwasha injini ikiwa baridi, na namba ya mwisho ni uzito wa oili kwenye nyuzi 100.

Kinachoipa oili joto kali ni mguu wako. Ukiikamua gari kwa muda mrefu, oili hupita nyuzi 120 na kuwa nyepesi mno; hapo namba ya mwisho kutoka 30 kwenda 40 kuna maana, kitabu cha gari kikiruhusu. Kurukia 50 kwenye injini iliyotengenezewa 30 ni kuitesa, na huniuma nikiona turbo nzima ikifanyiwa hivyo. Oili nzito huchelewa kufika juu ya injini asubuhi. Na presha kubwa ya oili kwenye geji, si dalili nzuri? Mara nyingi ni oili inayopita kwa taabu.